Ligi Yangu ya Mizunguko Miwili

Jumamosi, 11 Januari

Nimekasirika. Naandika sasa hivi ili hasira isipoe kabla ya kesho. Dada yangu Mwanatumu, wa tumbo moja na mimi, ametunga wimbo. Wimbo wenyewe ni wa mabao matano ambayo Kudha walitufunga sisi Chovae mwaka jana. Mimi ndiye mwalimu wa timu ya Chovae. Nimetajwa kwa jina, Abdulkadiri, mara mbili, na mara ya pili wamelivuta ili litoshe kwenye mahadhi.

Wala si wimbo wa jikoni, uimbwe upite. Utaimbwa kwenye vugo, ile ngoma ya wanawake, katika arusi ya binti yangu Sumeya mwezi ujao, wanawake wa visiwa vyote wakigonga pembe na kunicheka. Bwana arusi ni Mahdi, mtoto wa huyo huyo Mwanatumu. Baba yake Mahdi ni Shuaibu, shemeji yangu, mwalimu wa timu ya Kudha. Yaani watu wanaonivua nguo ndio ninaowapa mwanangu.

Mke wangu Mashavu anasema ni wimbo tu, watu wameimbana arusini tangu mababu. Nikamwambia yeye hakufungwa matano. Akasema hata mimi sikufungwa, walifungwa vijana, mimi nilikuwa pembeni napiga kelele.

Dawa ni moja. Tuwafunge Kudha kabla ya arusi, wimbo uwafie mdomoni. Mashindano ya visiwa ni wiki ijayo, hapa hapa Chovae, na katibu wa kamati ni mimi. Kikao ni kesho.

Jumapili, 12 Januari

Kikao. Tulikuwa watatu: mimi, Shuaibu wa Kudha, na Bi Layla wa Darakasi. Bi Layla ndiye mwenyekiti, kwa sababu Darakasi hawajawahi kushinda kitu na hakuna anayewaogopa.

Shuaibu akataka mtoano, kama mwaka jana. Siku mbili, watu warudi makwao. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza timu tatu zinatoanaje. Mbili zinacheza, ya tatu inakaa kivulini inakunywa madafu, kisha inaingia fainali na miguu mipya. Mwaka jana kura iliwaangukia Kudha wakakaa. Sisi tulikabana na Darakasi hadi penalti, kesho yake tukaingia fainali tunachechemea. Yale matano yalifungwa na mtoano, hakuyafunga Shuaibu. Nikasema mtoano wa timu tatu ni dhuluma. Bi Layla akasema kweli, ni dhuluma.

Hapo ndugu yangu Bakri akapiga simu kutoka Uingereza. Sijui nani alimwambia kuna kikao. Akasema kule wanatumia makundi, wawili wa juu wa kila kundi wanapita. Nikamwambia timu ni tatu. Akasema basi liwe kundi moja. Nikamwambia hiyo ndiyo ligi. Akataka iandikwe kwamba wazo ni lake. Nikamkatia simu, nikasingizia mtandao.

Ligi ya mizunguko miwili imepita. Kila timu itakutana na mwenzake mara mbili, mechi moja kwa siku, na siku za kupumzika katikati.

Sababu yangu ya kweli naiandika hapa tu. Wachezaji bora wa Kudha, Mahdi akiwa wa kwanza, ni wazamiaji wa kamba koche. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbio na kuchafuka, hawazamii, wanacheza mpira. Maji mafu yakifika, kama wiki moja baadaye, bahari inatulia, chini kunaonekana kweupe, na hakuna mzamiaji wa Kudha atakayebaki nchi kavu hata akiitwa na mamake. Mtoano unaanza na kuisha ndani ya bamvua. Ligi yangu inaanza bamvua na kuishia maji mafu, na mechi ya mwisho nimeipanga Kudha na Chovae. Watacheza na nani? Shuaibu na kitambi chake.

Nikapitisha na kanuni mbili ndogo. Uwanja wetu ni ule mchanga wa pwani unaotoka maji yakipwa, na mwaka jana tulipoteza nusu ya mchezo tukigombania mipira iliyokimbilia baharini. Sasa mpira ukiingia majini ni wa atakayeutoa, na mchezo unaendelea. Vijana wangu wa pembeni wana mbio. Kanuni ya pili, timu mbili zikilingana pointi, mabao yao yanajumlishwa.

Shuaibu hakubisha. Aliuliza tu wageni watalala wapi siku zote hizo. Nikasema kwa jamaa zao, kama ilivyo ada. Nilisema haraka haraka, nikafunga kikao.

Jumanne, 14 Januari

Wageni wamefika. Shuaibu amekuja kwangu.

Bila shaka amekuja kwangu. Ana jamaa gani mwingine Chovae? Amekuja na Mwanatumu, na virago, na mto wake wa kulalia. Mahdi amepelekwa kwa jirani, kwa kuwa hawezi kulala nyumba moja na mchumba wake. Laiti sheria hiyo ingewahusu na mashemeji.

Mashavu aliniita nyuma ya nyumba. Akaniuliza mtoano ungekuwa milo mingapi na hii ligi ni milo mingapi, kisha hakungoja jibu. Akasema mara nyingine wanaume wakitaka kuchagua namna ya kucheza, wapikaji wawepo kikaoni. Nikamwambia afanye subira, nina mpango. Akasema ndiyo maana anaogopa.

Mwanatumu yuko jikoni na Sumeya. Wanapasua nazi. Nimemsikia kwa masikio yangu akijaribu ubeti mpya, ndani ya nyumba yangu, akila ndizi zangu. Sumeya alikuwa anacheka. Mtoto wangu mwenyewe.

Jumatano, 15 Januari

Tumewafunga Darakasi mawili kwa bila. Bamvua safi, maji yamekwenda mbali, uwanja mpana kama hauna mwisho. Vijana wangu wa pembeni walikimbia hadi beki wa Darakasi akaketi chini.

Ningefurahi siku nzima kama si chakula cha mchana. Mashavu alipika changu. Kichwa cha changu ni changu mimi, kila mtu nyumbani anajua. Shuaibu akakichukua. Akakinyonya, akasifu, akasema kingetiwa ndimu kidogo. Kisha akanipongeza kwa ushindi, akaniita shemeji yangu mpenzi. Nilitabasamu mpaka taya likauma. Mgeni hatukanwi.

Alhamisi, 16 Januari

Kudha tatu, Darakasi bila. Mahdi amefunga mawili. Ameninyanyulia mkono kwa heshima, kama mkwe mwema. Nikamwitikia. Moyoni nilimwombea msuli wa mguu umkakamae, kisha nikakumbuka Sumeya, nikaifuta ile dua.

Shuaibu amekalia kiti changu cha barazani tangu Alasiri. Watu wanaokuja kunisalimia mimi wanaishia kumsalimia yeye.

Ijumaa, 17 Januari

Hakuna mechi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimehesabu, ni siku ya tatu tayari na imepita. Jembe sina, mimi ni fundi wa mashua. Nimempa kamba na vigingi, nikamwambia kuanzia leo kazi yake ni kupima uwanja na kuchora mistari kila siku maji yakitoka. Jua kali, mgongo umeinama, kitambi kinamzuia. Akaipokea kamba kwa mikono miwili, akashukuru kwa kupewa la kufanya.

Nimekikalia kiti changu jioni yote. Nilijisikia mwanamume.

Jumamosi, 18 Januari

Chovae moja, Kudha moja. Tulicheza baada ya Adhuhuri, maana maji sasa yanachelewa kutoka. Tungeshinda. Adnani, mshambuliaji wangu, alibaki na golikipa peke yake, akapiga juu. Nilimuuliza alikuwa anamlenga nani, ndege? Mamake Adnani alinisikia. Jioni hakutuletea ule wali aliotuahidi, na Mashavu amenifanya nimfuate nikaombe radhi. Nimeomba, na wali haukuja.

Shuaibu anawafanyisha vijana wake mazoezi uani kwangu, pale ninapochongea mbao, baina ya ukuta na tangi la maji. Pasi fupi fupi, mahali pembamba ambapo hata mbuzi wawili hawapishani. Wanapiga ukuta wangu. Nikamuuliza kwa nini asiende pwani kwenye nafasi. Akasema hapa panatosha, shemeji. Nimecheka peke yangu. Mtu anafundisha mpira chooni na anajiita mwalimu.

Jumatatu, 20 Januari

Jana tuliwafunga Darakasi moja bila. Leo Kudha wamewafunga mawili bila. Kwa hiyo tuko sawa, pointi saba kwa saba, lakini kwa mabao wao wako juu. Sare inawapa kikombe. Lazima tushinde Jumatano.

Na tutashinda. Jumatano ni maji mafu. Leo jioni nimewaona wazamiaji wa Kudha wamekaa wanasafisha miwani yao ya kuzamia. Mahdi anatia mafuta mpira wa miwani, taratibu, kwa mapenzi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mashavu anipikie uji mtamu. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema nikiwa na furaha ya namna hii huwa kuna kitu kinavunjika.

Jumatano, 22 Januari

Nitaandika yote.

Alfajiri Kudha waliondoka. Wazamiaji wote, boti mbili, Mahdi mbele. Nilisimama pwani nikawapungia. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikaenda kwa Bi Layla kumkumbusha kanuni kwamba timu isiyotimia inapoteza. Akaniuliza mbona nina haraka, mechi ni baada ya Alasiri.

Baada ya Alasiri. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila siku maji yanachelewa kutoka. Wakati wa bamvua yanatoka asubuhi. Maji mafu yanatoka jioni. Mtoto wa miaka sita Chovae anajua. Mimi ninajua. Nimezaliwa kwenye maji haya, nimeunda mashua zinazoelea juu yake. Nilipanga siku watakayozamia, nikasahau kwamba wana asubuhi nzima ya kuzamia na kurudi.

Wakarudi mchana na vikapu vimejaa kamba koche. Mahdi akaleta kikapu kizima kwangu, kwa mama mkwe wake. Mashavu akapika kwa nazi, akawaita na vijana wangu. Nikawakuta wamekula mpaka wamelegea. Adnani alikuwa amelala barazani, mkono juu ya tumbo.

Jioni tukashuka uwanjani. Uwanja haukuwepo.

Ulikuwepo mkanda. Maji mafu hayaendi mbali, kila mtu anajua, yanarudi nyuma hatua chache kwa aibu na kusimama. Mchanga uliobaki ulikuwa mwembamba kama ushoroba wa nyumba. Shuaibu alikuwa amekwisha chora mistari, vizuri kabisa. Siku zote hizi alikuwa akipima na kamba niliyompa mimi, akiona kila siku mchanga unapungua. Ndiyo maana ya mazoezi yale ya uani. Nilimuuliza kwa nini hakuiambia kamati. Akanitazama kwa upole na kusema, “Mchu hashindani na mai, shemeji. Nilidhani wajua, ligi ni yako.” Eti mtu hashindani na maji.

Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja pale pasingetosha hata kusimama. Bi Layla akataka kuahirisha mpaka bamvua nyingine. Bamvua nyingine iko karibu na arusi, na Shuaibu bado nyumbani kwangu! Nikasema kwa sauti hapana, tucheze leo, tupunguze watu. Nikasema watano kwa watano.

Ilianza kwa mwanamke mmoja, nadhani Mwanatumu. Kisha wote. Wanawake wa Kudha walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akauliza kwa nini nimechagua tano, katika namba zote alizoumba Mungu. Ilitoka tu.

Tukacheza. Adnani akafunga bao la kwanza, namshukuru Mungu, na nikapiga kelele za mwaka mzima. Kisha mpira ukaingia majini. Mpira majini ni wa atakayeutoa. Hapa hakukuwa na pembeni, pembeni ilikuwa bahari, na wao ni wazamiaji. Vijana wangu waliingia hadi magotini wakasita kwa ajili ya wale kamba tumboni. Mahdi alijitosa, akatoka na mpira kifuani, akapiga. Bao. Baada ya hapo wakawa wanautupa majini kwa makusudi. Nilimlalamikia mwamuzi. Akasema ni halali, ni kanuni ya katibu.

Kudha nne, Chovae moja.

Alhamisi, 23 Januari

Nimelala na nimeamka na fikra. Manne si matano. Wimbo unasema matano. Matano ni ya mwaka jana na mwaka jana umepita. Nikamwendea Mwanatumu kabla hajafunga virago, nikamweleza kwa utulivu kwamba wimbo sasa ni wa uongo, na kumwimbia mtu uongo arusini kwa mwanawe ni dhambi.

Akaweka nguo chini. Akaniuliza katika kanuni zangu za ligi mabao yanafanywaje. Nikasema yanajumlishwa. Akahesabu kwa vidole mbele ya uso wangu. Moja la Jumamosi, manne ya jana.

Akasema hawatabadilisha hata neno moja.

Shuaibu ameondoka. Amenikumbatia. Ameacha mto wake, anasema atauhitaji siku za arusi.

Ijumaa, 7 Februari

Arusi ilikuwa jana. Waliimba. Beti saba. Kumbe ameongeza ubeti wa uwanja uliopotea, na mwingine wa kamba koche, na katika huo nimetajwa mimi, mke wangu na tangi la maji. Pembe ziligongwa hadi nikasikia mpaka kwenye banda la mbao nilikojificha. Bakri alikuwa anatazama kwa simu kutoka Uingereza. Ameniandikia kwamba huko wameucheza mara tatu, na kwamba ningemsikiliza kuhusu makundi.

Kilichoniudhi zaidi ni kosa. Ubeti wa nne umesema mwaka huu tulitolewa kwenye mtoano. Haukuwa mtoano, ilikuwa ligi! Nilimwita Mwanatumu pembeni nikamsahihisha. Akashukuru, akaurudia ubeti ule pale pale kwa usahihi, watu wakashangilia upya.

Sumeya alicheka, kisha akaja kunitafuta bandani na hina zake. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sana. Akakaa na mimi kidogo juu ya mbao na nguo zile za arusi. Nikamwambia atachafuka. Hakuondoka mpaka walipomwita.

Jumamosi, 15 Februari

Fungate imekwisha. Jana wamemchukua Sumeya, wamempeleka Kudha kwa mumewe. Nilibeba sanduku lake hadi kwenye boti. Nilimwambia Mahdi asimwache akae kwenye unyevu, ana kifua. Nikamrudia kumwambia tena, akasema amesikia, baba.

Nyumba hii imekuwa kubwa bila sababu. Mashavu ameweka sahani tatu mchana, akairudisha moja kabatini. Sikula vizuri. Nimekasirikia samaki.

Basi nimekaa na kufikiri juu ya mpira. Kosa sasa nimeliona. Ligi haikuwa na kosa, ilikuwa fupi. Mizunguko miwili haitoshi kuonyesha timu bora. Inatakiwa minne. Ianze bamvua, ipite maji mafu, ifike bamvua ya pili na kuendelea. Kanuni ya maji ibaki, tutafanya mazoezi ya kuogelea. Na mwenyeji wawe Kudha, maana Chovae tumekwisha beba mzigo wetu. Wageni watalala kwa jamaa zao, kama ilivyo ada. Mimi jamaa yangu Kudha, nikitazama vizuri, ni Sumeya.

Hili ni jambo la kimpira tu. Mashavu ameuliza mwalimu wa timu anahitaji kukaa Kudha wiki ngapi. Nikamwambia ligi nzuri haina haraka. Akasema na yeye atakuja, atakuwa mpishi wa timu, na akaanza kutafuta begi kabla hata kamati haijakaa.

Nimempigia Shuaibu. Nilitegemea abishane, nilikuwa na hoja sita tayari. Nilipofika kwenye mizunguko minne na wageni kulala kwa jamaa zao, akasema ameona minne ni michache, tufanye sita, na chumba kiko tayari.

Amekubali mpaka amezidisha. Mjinga yule. Hajui hata kama nimemtega.